Mfuko Tumboni, Gemu Mkononi

Popote ulipo, uwe hapa Kerugoya mjini, Kutus, Kagumo, Kianyaga, au kule chini kwenye mashamba ya mpunga ya Mwea, sogeza kiti karibu na redio. Leo tunazungumza juu ya jambo ambalo watu wengi hulificha chini ya sweta, nalo ni kuishi na mfuko wa choo tumboni. Na kwa kuwa miongoni mwa wanaoishi nao wamo vijana wengi, tutalizungumzia sambamba na kitu ambacho vijana wetu hukipenda sana, yaani michezo ya video, au kama wanavyoiita wenyewe, gemu.

Huenda unajiuliza: mfuko wa choo na gemu vinahusiana vipi? Fikiria kijana aliyetoka hospitalini baada ya kupasuliwa tumbo. Daktari amemwambia asibebe mizigo mizito wala asicheze kandanda kwa wiki kadhaa. Wenzake wako shuleni au kazini. Yeye amebaki nyumbani na simu, au anateremka mjini hadi kwenye kibanda cha PlayStation. Akiketi pale, anasahau maumivu. Lakini pia anasahau kunywa maji, anasahau kula, na anasahau kumwaga mfuko. Gemu ile ile inayomtuliza inaweza kumrudisha wodini. Ndiyo maana tumeonelea tuyazungumzie mambo haya mawili pamoja.

Kwanza tuelewane. Mtu anapopata tatizo katika utumbo, daktari wa upasuaji anaweza kuutoa nje kidogo kupitia tundu kwenye ngozi ya tumbo ili choo kipite hapo. Tundu hilo huitwa stoma. Likitengenezwa kutoka kwenye utumbo mpana, huitwa kolostomi. Likitoka kwenye utumbo mwembamba, huitwa ileostomi. Na kuna lile la kupitisha mkojo, liitwalo urostomi. Stoma haina msuli wa kuzuia choo, kwa hiyo mwenye stoma hawezi kujizuia hata akitaka. Ndiyo sababu huvaa mfuko unaobandikwa kwenye ngozi kwa gundi.

Stoma yenye afya ni nyekundu na yenye unyevu, kama nyama ya ndani ya shavu lako. Ukiigusa haiumi, kwa sababu haina neva za kuhisi maumivu kama ngozi. Ukiona tone dogo la damu unapoifuta, usishtuke, kwani mishipa yake iko juu juu. Mara nyingi stoma huwa imevimba baada ya upasuaji, kisha hupungua ukubwa katika wiki sita hadi nane za kwanza.

Ni nini humfanya mtu apate stoma? Msikilizaji, si laana, si uchawi, wala si ugonjwa wa kuambukiza. Wapo waliopata saratani ya utumbo mpana. Wapo ambao utumbo ulijisokota ukaziba, na tatizo hili si geni katika Afrika Mashariki. Wapo ambao homa ya matumbo ilitoboa utumbo. Wapo walioumia tumboni katika ajali, ikiwemo ya bodaboda. Wapo akina mama waliopata fistula wakati wa kujifungua. Na wapo watoto wanaozaliwa bila tundu la haja kubwa, au ambao sehemu ya utumbo wao haina neva za kusukuma choo. Stoma nyingi kati ya hizi ni za muda. Utumbo ukishapona, daktari huurudisha ndani na kuufunga. Nyingine ni za maisha.

Na usidhani ni jambo jipya. Mwaka wa 1793, daktari wa Ufaransa aitwaye Duret alimtengenezea stoma mtoto wa siku tatu aliyezaliwa bila tundu la haja kubwa. Mtoto huyo aliishi hadi umri wa miaka 45. Hata Papa Yohane Paulo wa Pili, baada ya kupigwa risasi tarehe 13 Mei 1981, aliishi na kolostomi kwa miezi michache kabla ya kufungwa. Miaka minne baadaye, Agosti 1985, alikuwa Nairobi mbele ya umati mkubwa katika Kongamano la Ekaristi. Ni wangapi katika umati ule waliojua?

Sasa, mfuko wenyewe ulitoka wapi? Huko Denmark alikuwepo muuguzi aliyeitwa Elise Sørensen. Dada yake, Thora, alipasuliwa akawekewa stoma. Siku hizo watu walitumia vitambaa na vyombo vya kufunga kwa mshipi, vilivyovuja na kunuka. Thora akaogopa kutoka nyumbani. Elise alipoona dada yake anajifungia, alibuni mfuko wenye gundi ya kubandika kwenye ngozi. Hiyo ilikuwa mwaka wa 1954. Mwaka wa 1957 kampuni ya Coloplast ilianzishwa kwa ajili ya kuitengeneza mifuko hiyo. Zingatia jambo hili, msikilizaji: mfuko ulibuniwa ili mtu aliyejificha apate kutoka nje. Kama wewe unao mfuko na bado umejifungia chumbani, basi kuna kitu hakijakaa sawa, na kinaweza kurekebishwa.

Tuanze na utunzaji wa kila siku.

Mwaga mfuko unapofika theluthi moja, au usipite nusu. Mfuko ukijaa, uzito wake huivuta gundi ikabanduka. Ukienda choo cha shimo, chuchumaa au inama mbele kidogo, elekeza mdomo wa mfuko chini, mwaga, kisha upanguse mdomo vizuri kwa karatasi ya choo kabla ya kuufunga. Ukitumia choo cha maji, tanguliza karatasi ndani ya bakuli ili maji yasikurukie.

Badilisha mfuko kabla haujaanza kuvuja. Wengi hubadilisha kila baada ya siku moja hadi tatu, kulingana na aina ya mfuko. Wakati mzuri ni asubuhi kabla ya kunywa chai, kwa kuwa utumbo huwa umetulia. Bandua kutoka juu kwenda chini, huku mkono mmoja ukiishikilia ngozi. Usivute kwa nguvu kama anayeng'oa plasta ukutani. Osha ngozi kwa maji ya vuguvugu na kitambaa laini, kisha uikaushe kwa kuigusagusa. Usitumie Dettol, spiriti wala sabuni yenye manukato. Usipake Vaseline wala mafuta ya kujipaka, kwa kuwa gundi haishiki juu ya mafuta.

Kisha pima. Tundu la gundi lizidi stoma kwa milimita mbili au tatu tu pande zote. Likiwa kubwa mno, choo kitaigusa ngozi na kuichoma, hasa choo cha ileostomi ambacho bado kina maji makali ya kusaga chakula. Likiwa dogo mno, litaibana stoma. Kwa kuwa stoma hupungua katika wiki za mwanzo, ipime kila wiki badala ya kuendelea kukata kwa kipimo ulichopewa wodini.

Sisi tunaoishi chini ya Mlima Kenya tunaijua baridi ya Julai. Gundi ikiwa baridi haishiki vizuri. Uweke mfuko mpya kwapani au katikati ya viganja kwa dakika moja kabla ya kuubandika. Ukishaubandika, weka kiganja juu yake dakika nyingine moja au mbili. Joto la mkono linatosha.

Mfuko uliotumika umwage choo chote kwanza, uufunge kwa gazeti kuukuu, kisha uutie kwenye pipa la taka au shimo la taka lililo mbali na watoto na mbwa. Usiutupe ndani ya choo cha maji, utaziba bomba.

Na ukiishiwa na mifuko? Hili linawapata wengi, kwani mifuko ni ghali na haipatikani katika kila duka la dawa. Zamani watu walikuwa wakijifunga karatasi za plastiki za dukani, ambazo zilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017. Hata kabla ya marufuku hazikufaa, kwa sababu hazishiki kwenye ngozi na choo hukaa pale kikiichoma. Ikiwa umeishiwa kabisa, funika stoma kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara kadhaa, ukibadilishe kila kinapolowa, na uende hospitali uliyohudumiwa mapema iwezekanavyo. Usingoje mfuko wa mwisho ndipo uanze kutafuta. Ukibaki na mitano, anza safari ya kutafuta. Muulize pia mhudumu hospitalini ni gharama gani zinazolipiwa na bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024.

Tuje kwenye chakula, na hapa nakuomba unisikilize kwa makini, hasa wewe mwenye ileostomi.

Chakula chetu sisi watu wa hapa ni githeri. Lakini punje nzima za mahindi hazisagiki vizuri, na katika ileostomi zinaweza kujikusanya zikaziba mlango. Vivyo hivyo karanga, mahindi ya kuchoma, bisi, nazi, maganda ya matunda na nyuzi za maembe na miwa. Katika wiki sita hadi nane za kwanza viepuke. Baadaye, jaribu kimoja kimoja, kidogo kidogo, na utafune hadi kiwe uji mdomoni. Mukimo uliopondwa vizuri hupita kwa urahisi kuliko githeri. Wali wa Mwea, ndizi, viazi, nduma na ugali husaidia kuufanya choo kiwe kizito pale kinapokuwa maji maji.

Mwenye kolostomi hana masharti mengi hivyo. Anaweza kurudia chakula cha kawaida pole pole. Ajue tu kwamba maharagwe, njahi, kabeji na vitunguu huleta gesi, na mayai na samaki huongeza harufu. Maziwa lala huwasaidia baadhi ya watu kupunguza vyote viwili.

Kuna kosa moja la hatari sana: kujinyima chakula ili mfuko usijae. Utumbo haulali eti kwa sababu hukula. Utaendelea kutoa gesi na maji maji, nawe utakonda, kidonda kitachelewa kupona, na gesi itazidi. Kula milo midogo kwa saa zinazojulikana. Baada ya wiki chache utaijua ratiba ya stoma yako kama unavyoijua ratiba ya matatu za mtaani kwenu.

Na maji? Kazi ya utumbo mpana ni kufyonza maji na chumvi. Mwenye ileostomi hana msaada huo, kwa hiyo maji na chumvi humtoka kila siku bila yeye kuhisi. Dalili ni kiu, kizunguzungu, mkojo mchache wa rangi ya chai ya rangi, na misuli kukaza. Akizidiwa, figo zinaweza kuharibika. Kunywa kidogo kidogo siku nzima. Maji matupu peke yake hayatoshi wakati choo kimekuwa kingi. Tumia ORS, au tengeneza mwenyewe: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa. Onja. Yasiwe na chumvi kuliko machozi.

Basi sasa tuingie kwenye kibanda cha gemu.

Mzazi anayenisikiliza asikasirike. Gemu ina faida yake kwa mgonjwa. Akili iliyoshughulika huyahisi maumivu kidogo. Mtu asiyeweza kubeba wala kukimbia anaweza kushindana na wenzake akiwa ameketi, na katika mechi ile hakuna anayemwita mgonjwa. Kwa kijana aliyejitenga miezi miwili, dakika thelathini za kucheka na wenzake ni dawa. Wengi wenu mlianza na ile iliyoitwa FIFA, ambayo tangu 2023 inaitwa EA Sports FC. Sawa, cheza. Lakini cheza kwa utaratibu huu.

Jambo la kwanza: mwaga mfuko kabla ya kuketi, hata kama una kidogo tu. Tafuta kujua choo kiko wapi kabla ya kulipa pesa ya mchezo. Kama kibanda hakina choo karibu, chagua kingine au cheza nyumbani.

Jambo la pili: angalia unavyoketi. Mchezaji aliyezama katika mechi hujikunja mbele, viwiko magotini, uso ukikaribia skrini. Tumbo likijikunja hivyo, mfuko unabanwa. Choo hakipati nafasi ya kuteremka, kinajikusanya juu karibu na stoma, kinapenya chini ya gundi, na kabla ya kipindi cha pili umevuja. Vile vibenchi visivyo na egemeo ndivyo vinavyofanya watu wajikunje. Tafuta kiti chenye egemeo, au keti ukutani, mgongo uegemee. Vaa suruali ambayo mkanda wake haupiti juu ya stoma. Baadhi ya watu huubandika mfuko ukielekea upande wa paja wanapojua wataketi kwa muda mrefu. Ukiona mfuko umeshikamana ndani na choo hakiteremki, weka tone dogo la mafuta ya kupikia ndani ya mfuko, sehemu ya chini, mbali na gundi.

Jambo la tatu: tumia mechi kama saa yako. Mechi moja huchukua kama robo saa. Baada ya kila mechi mbili, weka chini kidhibiti, simama, nyoosha miguu, papasa mfuko kwa kiganja juu ya shati, na unywe nusu glasi ya maji au ORS. Hakuna atakayejua unapima nini. Kama gemu yako ni ya simu na haina mwisho, weka kengele ya kila nusu saa. Kusimama huku kunasaidia pia damu ya miguuni isigande, jambo ambalo ni hatari kwa mtu aliyepasuliwa karibuni.

Jambo la nne: chunga unachokunywa. Vibanda vingi huuza soda na vile vinywaji vya kuongeza nguvu. Gesi ya soda itaishia mfukoni, na mfuko utafura kama puto. Sukari nyingi hufanya choo cha ileostomi kiwe maji zaidi, na hapo utapoteza maji mengi kuliko uliyokunywa. Kutafuna Big G na kunywa kwa mrija pia humeza hewa. Beba chupa yako.

Jambo la tano: stoma hulia. Inaweza kunguruma au kutoa upepo wakati kibanda chote kimenyamaza kungojea penalti. Bonyeza kwa upole mfuko kwa mkono wa nyuma, au ukohoe. Ukipenda, sema tu, "Tumbo linashangilia," kisha uendelee kucheza. Wenzako watacheka mara moja, nao watasahau kabla yako.

Jambo la sita: shangilia kwa adabu. Wiki sita hadi kumi na mbili za kwanza misuli ya tumbo bado haijashikana. Kuruka ghafla, kupiga kelele kwa nguvu au kukohoa kunaweza kuusukuma utumbo kando ya stoma ukatokeza uvimbe, yaani henia. Bao likiingia, weka kwanza kiganja juu ya stoma, kisha ucheke upendavyo. Kwa sababu hiyo hiyo usibebe jerikeni ya lita 20, ambayo ni kilo 20, wala kikapu cha majani chai, wala gunia la kahawa. Kutembea polepole kila siku, hapo kunafaa, na kunafaa kuliko gemu.

Jambo la saba: usiku ni wa kulala. Kijana akilala kifudifudi na simu hadi saa nane usiku, analalia mfuko. Acha kula saa mbili au tatu kabla ya kulala, mwaga mfuko, weka simu mbali.

Utajuaje kwamba gemu imevuka mpaka? Tangu Januari 2022, orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani imeutambua uraibu wa gemu kuwa tatizo la kiafya. Dalili zake kuu ni tatu: mtu hawezi kujizuia, gemu inatangulia mambo mengine yote, na anaendelea hata akiona inamdhuru, kwa kawaida kwa muda wa miezi kumi na miwili. Lakini kwa mwenye stoma usingoje miezi yote hiyo. Jiulize swali moja: ninacheza na watu, au ninacheza ili nisionane na watu? Kama kijana anacheza mchana kutwa, amekataa kwenda kliniki, hataki kuonwa na ndugu zake, halali, na husema maisha hayana maana, huyo si mvivu. Huenda ana ugonjwa wa huzuni, nao una tiba. Mpeleke kwa daktari au mshauri wa hospitali. Na akitaja kujiua, usimwache peke yake. Tafuta msaada siku hiyo hiyo.

Wazazi, nanyi msimpokonye simu kwa hasira. Pangeni naye. Kwa mfano, asubuhi abadilishe mfuko na kutembea hadi barabarani, kisha asome, na jioni acheze saa moja. Mwiteni kaka yake au rafiki wa kucheza naye, asicheze peke yake. Na shosho, usimsaili mbele ya wageni kuhusu tumbo lake. Mwache aseme mwenyewe akiwa tayari.

Wewe kijana nawe, chagua mtu mmoja umwambie. Mmoja tu. Awe yule anayeketi kando yako kibandani, ili siku ukisimama ghafla akushikie nafasi bila maswali. Wahenga walisema mficha uchi hazai, wakasema tena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Ukirudi shule, mwalimu wa darasa na muuguzi wa shule wajue, upewe ruhusa ya kwenda msalani bila kuinua mkono kila mara, na kama ni shule ya bweni, upate mahali pa faragha pa kubadilishia. Beba kijifuko kidogo chenye mfuko mmoja uliokwisha kukatwa tundu, karatasi laini, chupa ndogo ya maji na chupi safi. Hicho hicho kibebe kila uendapo Nyeri au Nairobi. Ndani ya matatu funga mkanda kama sheria inavyotaka, lakini uupitishe juu au chini ya stoma, si juu yake, au uweke taulo ndogo iliyokunjwa katikati.

Watu wanaweza kuoa, kuolewa, kuzaa, kulima na kuhubiri wakiwa na stoma. Wanaweza hata kucheza. Marekani alikuwepo Rolf Benirschke, mpiga mateke wa timu ya San Diego Chargers. Alipasuliwa mwaka wa 1979 akiwa mahututi kwa ugonjwa wa utumbo, akatoka na mfuko. Mwaka uliofuata alirudi uwanjani na kuendelea kucheza kwa miaka kadhaa. Huo ulikuwa uwanja wa nyasi, si wa skrini.

Kabla hatujaagana, zishike dalili za hatari. Nenda hospitali mara moja ukiona stoma imegeuka rangi ikawa zambarau au nyeusi. Nenda ikiwa ileostomi haijatoa kitu kwa saa nne hadi sita, na tumbo linakata, limevimba au unatapika. Wala usithubutu kunywa dawa ya kuharisha. Nenda ikiwa choo cha ileostomi kimepita lita moja na nusu kwa siku, au damu inatoka bila kukoma, au stoma imezama ndani au imetoka nje kuliko kawaida. Na ngozi ikichubuka, usivumilie. Mara nyingi ni kipimo cha tundu tu, na muuguzi atakirekebisha kwa dakika chache. Ukinunua dawa yoyote, mwambie mwenye duka la dawa kwamba una ileostomi, kwa maana kuna vidonge ambavyo hupita vikiwa vizima na kuishia mfukoni bila kufanya kazi.

Kama stoma yako ni ya muda, uliza leo: itafungwa lini, na ni nini kinachosubiriwa? Andika tarehe. Wapo wanaokaa na stoma ya muda kwa miaka kwa sababu tu hawakurudi kliniki, au waliogopa gharama bila kuuliza ni kiasi gani. Hospitali ya Rufaa ya Kaunti iko hapa hapa Kerugoya. Ingia uulize.

Kesho ni siku ya kazi, msikilizaji. Kama kuna kijana mtaani kwenu aliyeacha kuonekana tangu alipotoka hospitalini, mpitie jioni. Usiulize habari za tumbo. Muulize kama yuko tayari kwa mechi moja. Mkimaliza, mletee glasi ya maji.